Uzi wa Kijani, Mafundo Mawili

Dukani, 6 Januari

Mwanangu Karani,

Ukinyamaza hivi mtu atadhani hospitali imekulaza badala ya kukuajiri. Hujambo lakini? Mimi mzima, isipokuwa nyonga ya kushoto ambayo imeamua kuzeeka kabla yangu. Mvua haijakatika tangu wiki ya mwisho ya mwaka na nguo hazikauki. Nimefunga kamba mpaka juu ya kitanda changu, nikiamka asubuhi natazamana na suruali za watu. Fundi cherehani wa mlango wa pili ananiambia nivumilie, huenda siku moja suruali ikaja na mwenyewe ndani. Nimemjibu kwamba aliyekuwa ndani ya suruali ya kwanza alinitosha, Mungu amrehemu.

Mdogo wako Kitinda amenipita kimo. Sasa ananisaidia kutia alama, na mkono wake ni mwepesi kuliko ulivyokuwa wako, usinune. Bado nafanya vile vile: kila nyumba na uzi wake, kwenye pindo, kwa ndani, pasipoonekana. Mwekundu fundo moja ni kwa mwalimu mkuu. Mweusi ni kwa daktari wa meno. Wa kijani mafundo mawili ni kwa Baba Mkubwa wako. Miaka thelathini ya udobi sijawahi kumpa mtu nguo ya mwenzake, na nikifa waandike hivyo hivyo.

Haya, sasa nikugombeze. Mwisho wa mwaka umepita na hukuja. Ni mara ya tatu. Sahani yako niliiweka mezani na nikaiondoa. Baba Mkubwa wako aliuliza mbele ya watu wote, "Yule binti yetu msomi ametususa?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje? Tangu baba yenu afariki, kaka yangu huyu ndiye ametubeba sote. Ada yako alilipa yeye.

Habari njema nimeiweka mwisho. Shule ikifunguliwa katikati ya Machi, Kitinda atahamia kwake. Pale shule ni dakika kumi kwa miguu, siyo saa nzima kama kutoka hapa. Mke wake amekwenda kumuuguza mama yake na hajulikani atarudi lini, nyumba ile kubwa vyumba vimelala tu. Atapewa kile chumba cha nyuma, kile kile ulichokaa wewe ulipokuwa unajiandaa na mtihani. Kitinda anaruka kwa furaha, hajawahi kuwa na meza yake mwenyewe. Mwandikie Baba Mkubwa wako japo mstari mmoja wa shukrani. Mstari mmoja hauvunji mkono.

Nakuombea usingizi mzuri na wakubwa wa kazi wenye huruma.

Shangazi yako,
Dobi


Hospitalini, 29 Januari

Shangazi, shikamoo.

Pole kwa nyonga. Isugue kwa mafuta ya moto na usisimame kutwa nzima, ingawa najua utasoma hapa na kusema "ebo!" Mimi sijambo. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta, lakini ukuta wenyewe ni safi.

Kazi yangu hujawahi kuniuliza vizuri, basi nikueleze. Nakaa kwenye dirisha la mapokezi. Mgonjwa akifika namwandika kwenye kitabu kikubwa: jina, umri, anakotoka, na safu ya mwisho imeandikwa "Kilichompata." Siku yangu ya kwanza, bibi anayenisimamia, ambaye anastaafu mwakani, alinifundisha. Akija msichana na mama yake, akasema, mama ndiye anayeongea na msichana anatazama sakafu, usiulize mengi. Andika "Ameanguka." Alisema ni wema. Kitabu kinasomwa na wengi, na binti bado ana maisha yake mbele.

Mwezi huu, Shangazi, wameanguka tisa. Mji wenyewe tambarare, hauna hata kilima.

Kuhusu Kitinda. Nakuomba asihamie kule. Aje kwangu, tutalala kitanda kimoja, hapa kuna shule. Kama haiwezekani, abaki na wewe, atembee hiyo saa nzima. Mimi nilitembea miaka minne na miguu ninayo bado.

Usiniulize sababu. Unaijua.

Kwa Baba Mkubwa sitaandika.

Mwanao


Dukani, 17 Februari

Mwanangu,

Barua yako ilinikuta na homa, lakini nimeinuka. Mvua imekatika, sifa kwa Mungu, na kamba zote zimejaa. Fundi cherehani ameng'oa jino na sasa anaongea kama mtoto mchanga. Nimefurahi, mji umepumzika kidogo.

Sasa, unasema naijua sababu. Sababu gani? Mimi ni mwanamke wa maji na sabuni, mambo ya mafumbo niachie. Ukitaka kusema kitu sema, na kama hakisemeki basi hakisemeki, na kisichosemeka huachwa. Wazee walisema funika kombe mwanaharamu apite. Hawakuwa wajinga.

Kitinda kuja kwako haiwezekani. Amezoea walimu wake. Na kumwambia kaka yangu kwamba hatumpeleki tena, nitasema nini? Kila mtu ameshaambiwa. Atauliza kwa nini mbele ya ukoo mzima, na mimi nitasimama pale nimeshika nini mkononi? Mtu aliyetulea. Mtu ambaye mtaa mzima ukiwa na ugomvi unakwenda kwake kusuluhishwa. Wewe ukiwa mbali huko unaona rahisi.

Halafu nikuambie kitu kwa mapenzi. Msichana naye lazima ajilinde. Nakumbuka lile gauni la njano ulilokuwa unalivaa kule. Fundi mwenyewe aliposhona alisema nyuma ni fupi, na wewe ukacheka. Na kucheka kwako kulikuwa kwingi siku zile, unamchekea kila mtu. Sisemi neno. Nasema tu. Kitinda nimemfunza. Nimemwambia avae nguo ndefu, asikae sebuleni kama hakuna mtu mwingine, na mlango wake aufunge kwa komeo kila anapoingia. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Sote tumepita njia hizi, mwanangu. Mwanamke akisimama kwenye kila kitu kilichomwangusha hafiki popote.

Kula vizuri.

Shangazi yako


Hospitalini, 8 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka imelegea kwenye mikunjo. Umemwambia afunge komeo. Mtu haweki komeo kwenye mlango usio na mwizi. Kwa hiyo unajua, na mimi sasa nimejua kwamba unajua. Basi nitasema, kwa sababu siku zimebaki chache.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi mmoja kabla ya mtihani. Nilileta furushi la nguo za nyumba ile kama kila Jumamosi. Nililibeba mwenyewe kichwani. Uliweka kikombe chako chini, ukafungua, ukaanza kutenga: mashati huku, taulo huku. Ulipofika kwenye shuka ukasimama. Uliuliza, "Siku zako?" Nikasema hapana. Wewe ni dobi, Shangazi. Unaweza kutofautisha doa la chai na la kahawa ukiwa mlangoni. Uliniangalia usoni, ukaangalia shingo yangu, na nilisubiri. Sijawahi kusubiri kitu kama nilivyosubiri mdomo wako ufunguke.

Ukauliza, "Ulikuwa umevaa nini?"

Nilisema gauni la njano. Ukatikisa kichwa. Ukachukua beseni, maji baridi na chumvi, kwa sababu damu haifuliwi kwa maji ya moto, wewe ndiye uliyenifundisha. Kisha ukanipa lile kopo la vifungo, ukasema, "Kaa hapo, nihesabie vifungo." Nilihesabu vifungo mia mbili na kumi na nne. Nilipomaliza, shuka lilikuwa kwenye kamba, jeupe. Ulisema, "Umeona? Hakuna kitu." Na jioni ile ukanirudisha kule na furushi la nguo safi kichwani, kwa sababu mtihani ulikuwa umekaribia.

Gauni lile lilifika chini ya goti. Nimelipima. Ninalo hapa, Shangazi, chini ya kitanda, na kila mwaka nalitoa nalipima tena, kama vile litakuwa limefupika.

Nilifanya mtihani wangu, nilifaulu, niliondoka, na sikurudi. Hayo ndiyo yote. Kikulacho ki nguoni mwako, nguo ulizifua wewe.

Sikuandikii nikulaumu. Nitakulaumu siku nyingine, tuna maisha yote. Nakuandikia kwa ajili ya Kitinda. Simu ya karibu yenu iko kwenye meza ya Baba Mkubwa, na barua za shuleni kwa Kitinda hupitia sanduku lake la posta, kwa hiyo njia niliyonayo ni wewe tu. Nijibu neno moja: "Haendi." Usiandike habari za mvua.

Mwanao


Hospitalini, 2 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Hukunijibu. Kila siku posta ikifika naacha dirisha langu na watu wananung'unika.

Niliomba ruhusa ya kusafiri, nimenyimwa mpaka mwisho wa Mei, tuko watu wawili tu. Lakini nisijifiche nyuma ya ruhusa. Jumapili mbili nimekwenda kituoni bila ruhusa ya mtu. Mara ya kwanza tiketi nilikata kabisa. Dereva alipowasha injini, miguu yangu ilishuka yenyewe. Nilirudi nyumbani nikakaa chini na kuichukia miguu yangu.

Amehamia? Niambie hilo tu.

Mwanao


Dukani, 20 Aprili

Mwanangu Karani,

Hujambo? Sisi wazima. Jua sasa limekuwa kali hata nguo zinakauka kabla hujageuka. Nyonga afadhali. Fundi cherehani amepata mchumba, mwanamke mwenye akili timamu kabisa, hatujui imekuwaje.

Barua zako zote mbili zimefika. Ile ya Machi nitaijibu nikipata nafasi nzuri ya kukaa, kazi ni nyingi na macho nayo yanasumbua.

Kitinda alihamia siku shule ilipofunguliwa. Ana meza yake na taa yake. Baba Mkubwa wako amemnunulia viatu. Kila Jumamosi ananiletea furushi kama ulivyokuwa unafanya wewe. Amekuwa mkimya siku hizi, ukimtania hajibu, lakini ni umri, na masomo yamekuwa magumu. Jumamosi iliyopita alilala hapa dukani juu ya nguo chafu mchana kutwa, nikamwacha.

Usijisumbue na mambo ya kituoni. Utakuja ukijaliwa.

Shangazi yako


Hospitalini, 3 Mei

Shangazi,

Mkimya? Shangazi, mkimya?

Soma tena barua yangu ya Machi. Isome kwa sauti. Halafu usimwache arudi kule, usimwache hata siku moja, mwambie mtu yeyote chochote, sema mimi ninaumwa nakufa na lazima aje kuniuguza.

Leo alikuja msichana na mama yake. Mama akasema ameanguka kisimani. Niliandika kilichompata. Niliandika neno lenyewe, kwa wino, kwa herufi kubwa. Mama akanililia niifute, akaniambia mimi sina huruma. Bibi anayenisimamia ameniita na kuniambia nitafukuzwa. Lakini sikufuta.

Ruhusa yangu ni tarehe 25. Nakuja, miguu ipende isipende.

Mwanao


Dukani, 19 Mei

Mwanangu,

Salamu nimekosa pa kuziweka. Nikuulize u hali gani, na mimi ndiye naijua hali yako kuliko mtu yeyote?

Barua yako ya tarehe 3 ilinifikia baada ya mambo yote. Ya Machi ilinifikia kabla. Nitakuambia ukweli sasa na utanifanya utakavyo. Ya Machi sikuifungua. Ililetwa siku moja kabla Kitinda hajahama. Niliona bahasha ilivyo nene, nikajua kilichomo, na nikajua kwamba nikiisoma sitaweza kumpeleka, na nisipompeleka nitaulizwa. Nikaiweka chini ya blanketi la kupigia pasi. Wiki saba, mwanangu. Wiki saba nimepiga pasi mashati ya watu juu ya barua yako, yakiwemo ya kaka yangu.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu Kitinda alileta furushi. Nikafungua, nikatenga. Katikati kulikuwa na taulo limeviringishwa, na ndani ya taulo shuka. Lilikuwa limeshafuliwa. Siyo na Kitinda, yeye nimemfunza maji baridi. Aliyelifua alitumia maji ya moto. Maji ya moto huipika damu kwenye uzi, haitoki tena hata ufanyeje. Mtu mzima na akili zake zote, mwenye duka, msuluhishi wa mtaa, lakini hajawahi kufua hata leso, hakujua.

Nilimwuliza mdogo wako kimetokea nini. Akasema, "Nilianguka."

Nikakumbuka wale tisa wako.

Na unajua mdomo wangu ulisema nini? Nisikufiche. Hata baada ya hapo, hata nikiwa nimelishika shuka lile mkononi, mdomo wangu ulifunguka wenyewe ukasema, "Ulikuwa umevaa nini?"

Aliniangalia kama vile hakusikia vizuri. Kisha akasema, "Sare, Shangazi. Sare ya shule. Uliipiga pasi wewe."

Nilikaa chini. Mwanangu, nilikaa pale sakafuni kwenye maji. Baadaye niliinuka nikafunua blanketi, nikafungua barua yako, nikaisoma yote na yeye amekaa mbele yangu. Uliniambia nisome kwa sauti, barua hiyo sikuwa nimeipata bado, lakini nilisoma kwa sauti. Tulipofika kwenye vifungo alianza kulia, na ndipo akaniambia. Tangu wiki ya pili. Komeo lilikuwa limelegezwa skrubu.

Nilimpeleka kwanza zahanati. Karani wa pale, kijana mpole tu, akamtazama, akanitazama, akaanza kuandika "Ame..." Nikamshika mkono. Nikamwambia mwanangu anafanya kazi kama yako, na neno hilo halina nafasi hapa. Akaandika lenyewe. Kisha nikaenda kwa kaka yangu.

Nilikuta watu wamejaa sebuleni, alikuwa anasuluhisha ugomvi wa mpaka kati ya binamu zetu. Nikasema na mimi nina ugomvi wa kusuluhishwa. Nikalitandaza shuka mezani, juu ya vikombe vyao. Alilitazama akasema, "Hilo siyo la nyumba hii. Dada yangu anafua nguo za mji mzima, amechanganya." Watu wakashusha pumzi, wakanitazama kwa huruma, unajua ile huruma ya mwendawazimu. Nikageuza pindo. Uzi wa kijani, mafundo mawili. Nikawauliza, nani hapa amewahi kupewa na mimi nguo ya mwenzake? Miaka thelathini, nani?

Ungedhani basi imekwisha, eti? Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Binamu mmoja akauliza kwa nini mtoto hakupiga kelele. Mwingine akasema wasichana wa siku hizi wanajua mengi kuliko sisi. Mke wa binamu, mwanamke mwenzangu, akasema, "Alikuwa peke yake na mwanamume katika nyumba, mlitegemea nini?" Mkubwa wao akasema ya ndani yamalizwe ndani, kaka aombe radhi, na mtoto apelekwe shule ya mbali. Kila neno lililosemwa, mwanangu, nililifahamu. Yalikuwa maneno yangu. Nilikuandikia wewe yale yale mwezi wa pili, kwa mwandiko wangu. Nilikuwa kama mtu anayesikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye midomo ya watu wengine.

Mke wa binamu akaniambia, "Unataka kutuvua nguo hadharani?" Nikamjibu, "Nimewafulia miaka thelathini. Leo jueni nilichokuwa nafua."

Nikalikunja shuka nikaenda polisi. Nimelitoa. Wamelitia kwenye mfuko wa karatasi na kuliandika namba. Niliwaambia na habari ya shuka la kwanza, lako, maana nimeona sina haki tena ya kukuficha wala ya kujificha. Kama nimekosea kusema kabla hujaniruhusu, nisamehe hilo hata kama mengine hutayasamehe. Askari akauliza shuka hilo la kwanza liko wapi. Nikasema nililifua. Akaandika. Akauliza kwa nini. Hapo hakuandika kitu, maana sikuwa na la kumwambia.

Lakini wewe nitakuambia, mara moja tu. Na mimi niliwahi kufuliwa shuka. Nilikuwa mdogo kuliko Kitinda. Bibi yako alilifua, akanipa pasi baridi nishike, nicheze nayo. Ndiyo maana naujua udobi. Aliyefanya hivyo simtaji. Alipokufa walileta hapa shati la kumzikia, na nililipiga pasi, kola na mikono, vizuri kabisa. Hiyo siyo sababu ya niliyokufanyia. Nakuambia tu ujue tumekuwa tukipeana nini katika nyumba hii.

Kaka walimshika siku mbili, wakamwachia, kesi itaitwa. Anakaa mbele ya duka lake kama zamani, na watu wakipita wanampa mkono. Kwangu ndiko hawapiti. Mafurushi manne tu wiki hii. Fundi cherehani alikuja akasema pole, halafu akasema, "Lakini na wasichana wa siku hizi nao..." Nikamrudishia suruali yake ikichuruzika maji.

Kitinda yuko hapa na mimi, analala kwenye kitanda changu, mimi nalala kwenye mlango. Haongei sana. Anakuuliza wewe.

Sikuombi kitu. Sijui hata jinsi ya kumaliza barua hii.

Shangazi yako


Hospitalini, 24 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu ulinifundisha wewe, na mkono wangu haujui kuanza bila hiyo.

Barua hii nampa dereva wa basi la kwanza, itafika saa chache kabla yangu. Ningeweza kukaa kimya nikafika tu. Lakini kuna mambo nikikuona uso kwa uso sitaweza kuyasema, nitaona nyonga yako na mikono yako iliyokunjamana na nitaanza kukuhurumia.

Sijakusamehe. Nimejaribu tangu jana na sikuweza. Wiki saba, Shangazi. Kila nikifumba macho naona pasi inakwenda na kurudi juu ya maneno yangu. Na mimi pia sijajisamehe. Nilikuwa na tiketi mkononi. Kama ningekaa kwenye kiti kile, kitu kigumu kiasi hicho tu, kukaa kwenye kiti, huenda Kitinda angekuwa na mwaka wake wote mzima. Tutagawana hili, mimi na wewe, na yeye tusimpe hata punje.

Kwamba umesema habari yangu kwa askari, sijakasirika. Nililia, lakini siyo kwa hasira. Miaka mitatu nilisubiri mdomo wako ufunguke. Umefunguka kwa kuchelewa, na shuka langu halipo, lakini nimesikia.

Nakuja na gauni la njano. Najua halina faida kwa kesi. Nataka Kitinda alione, alishike, alipime kwenye goti lake.

Huyo bibi anayenisimamia hakunifukuza. Asubuhi hii nimekuta amekaa kwenye dirisha langu na kitabu cha mwaka jana, anageuza kurasa, anasoma safu ya mwisho. Nilimwacha aendelee.

Ombi langu ni moja, na hili ulifanye leo, kabla sijafika. Lile kopo la vifungo liondoe pale dukani. Najua jinsi mikono yako ilivyo, mtoto akilia inatafuta cha kumpa. Usimpe kitu cha kuhesabu. Kaa naye tu. Akinyamaza, nyamaza naye. Na akianza kusema, Shangazi, weka nguo chini, zima pasi, umsikilize mpaka mwisho.

Mwanao